Sarafu Isiyoguswa

Sisimizi hawaogopi lakiri ya polisi. Asubuhi ile walikuwa wamejipanga kutoka kwenye ufa wa dirisha, wakashuka ukutani, wakapita juu ya viatu vya mtu na panga la mtu mwingine, mpaka kwenye rafu ya chini kabisa ya chumba cha vielelezo. Hapo waliizunguka chupa ya chai ya marehemu Kapteni, wakawa wanaingia na kutoka chini ya kifuniko chake kama watu walioalikwa.

Karani wa chumba alikuja na dawa ya kupuliza.

"Sogea, Afande, niwamalize hawa."

"Acha kwanza." Inspekta alichuchumaa, akawatazama kwa karibu. "Wanatafuta nini?"

"Sisimizi watafute nini tena? Sukari. Nilipoipokea juzi ilinichuruzikia mkononi, nikanawa mara mbili ndipo ikaacha kunata."

Inspekta alinyanyuka, akatoka barazani kupiga simu.

Kapteni mwenyewe hakuwa wa jeshi wala wa meli. Alikuwa kapteni wa klabu ya gofu, ile ya zamani kuliko mahakama ya mji, yenye geti la chuma na wigo mrefu ambao watu wengi wameuzunguka maisha yao yote bila kujua ndani kuna nini. Juzi asubuhi na mapema alikutwa amelala chali kando ya shimo la saba, kofia yake imewekwa juu ya uso, na kwenye panja ana jeraha moja la mviringo. Daktari wa hospitali aliandika: kitu kigumu, pigo moja. Mkuu wa kituo alisoma hayo, akakuta nyundo kwenye sanduku la mashine ya kukata nyasi, akamweka ndani mwenye mashine. Kesho asubuhi mtu huyo alikuwa anapandishwa kizimbani kwa kosa la kuua.

Binti wa Kapteni alipokea simu kutoka mbali, sauti imekauka kwa kulia.

"Pole tena, dada. Swali langu litakushangaza. Baba alikuwa anatia vijiko vingapi kwenye chai?"

"Vya sukari? Baba? Afande, baba ana kisukari tangu mimi niko shule. Ukimwekea soda mezani anakuuliza umemkosea nini."

"Labda alikuwa anajiibia kidogo."

"Humjui. Baba yangu akiambiwa hairuhusiwi, basi hairuhusiwi, hata kama yuko peke yake gizani."

"Na vile vifaa vya kusikia vilivyo kwenye orodha yetu?"

"Nilimnunulia mimi. Vile vidogo vinavyoingia ndani ya sikio, maana alikuwa anaona haya. Nikimpigia, namuuliza habari za afya, ananijibu habari za mvua." Alivuta pumzi. "Alikuwa anavivaa?"

"Alikuwa amevivaa vyote viwili."

"Hakuniambia," alisema, akakata simu.

*

Walimwita Kinyozi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuunyoa uwanja. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu na buti zake hazina kamba, mikono ameiweka magotini kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

"Ulimwambia Kapteni utakuja kukata mtu," alisema Inspekta.

"Nilisema. Watu wote pale bandani walisikia, na nusu yao walicheka. Leo hakuna hata mmoja anayekumbuka kwamba alicheka."

"Mligombana nini?"

"Nyasi za shimoni zinakatwa alfajiri, Afande, kabla watu hawajacheza. Yeye akanizuia. Shimo la sita, la saba na la nane, nisifike na mashine mpaka yeye amepita. Nikichelewa, kamati inanikata mshahara. Nikiwahi, yeye ananikata maneno. Ndipo nikasema, kwa kukatwa huku, na mimi nitakuja kukata mtu. Ni mdomo tu."

"Kwa nini hakutaka mashine?"

"Kelele, alisema. Mzee mmoja, uwanja wote ule ni wake, kelele za mashine moja zinamkosesha nini? Sikumwelewa."

"Juzi ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya banda, nimezima mashine, namsubiri apite. Nimekaa kimya kama mwizi."

"Ulisikia nini?"

"Ndege."

"Ukelele wowote?"

Kinyozi alicheka bila furaha. "Hapo ndipo ninapozikwa. Katibu wa klabu amewaambia wakubwa wako kwamba mchezaji akipiga mpira ukamwelekea mtu, lazima apige ukelele wa kumwonya. Lazima! Basi kama hakuna aliyesikia ukelele, hapakuwa na mpira. Kama hapakuwa na mpira, ni nyundo. Na nyundo ni ya nani? Ya Kinyozi."

"Ungesema uliusikia, mkuu wangu angekuwa na kazi ngumu ya kukushikilia."

"Najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Sikuusikia, Afande."

Nje, mke wa Kinyozi alikuwa kwenye benchi lilelile alilokalia jana, bakuli limefungwa kwa kitambaa mapajani. Hakuomba chochote. Alimtazama Inspekta usoni kutafuta habari, na alipoikosa akarudisha macho kwenye bakuli.

"Kinyozi hajinyoi," alisema. "Huyu mtu akigombana jirani anaitwa kusuluhisha. Kujitetea mwenyewe hajui."

"Kala?"

"Kalirudisha jana. Leo sijui."

"Mpelekee. Mwambie nimesema ale."

*

Klabu ilikuwa imefungwa kwa maombolezo, bendera yake nusu mlingoti. Katibu alimpokea Inspekta ngazini, tai imebana shingo, na wakatembea pamoja kwenda shimo la saba. Uwanja mtupu ulikuwa mpana kuliko kawaida. Nyasi zilikuwa zimeanza kurefuka kwa kukosa kinyozi wake, na hapakuwa na mtu yeyote mpaka macho yanapochoka, ila bendera ndogo za mashimo zikijipepea kwa ajili ya nafsi zao. Kapteni alikuwa ameutembea upana huo alfajiri baada ya alfajiri. Inspekta alijikuta anapunguza hatua.

"Mwakani tunatimiza miaka mia moja," alisema Katibu. "Hatujawahi kuwa na mauaji."

"Mna hakika, au hamjawahi kuuliza?"

Katibu alikohoa. Mbele yao njia ya nyasi ilikunja kando ya safu ya misonobari, kisha ikapanda kidogo mpaka kwenye grini, ile duara la nyasi fupi kama zulia lenye shimo katikati. Jengo la klabu halikuonekana tena.

Inspekta alisimama penye vigingi vya polisi. "Aliangukia hapa. Na hii ilikuwa hapo, hatua chache kutoka shimoni." Alitoa mfuko wa plastiki wenye sarafu moja nyeusi iliyolika kingo.

"Ilimdondoka mfukoni."

"Mfukoni hakuwa na pesa nyingine. Na hii hainunui hata njiti ya kiberiti, serikali iliifuta zamani. Mtu anatembea na sarafu iliyokufa kwa kazi gani?"

Kwa mara ya kwanza tangu wakutane, Katibu alitabasamu. Sasa alikuwa anaulizwa kitu anachokipenda.

"Aa, hiyo ni alama yake. Kila mchezaji ana yake. Mpira wako ukifika kwenye grini ukawa umekaa karibu na shimo, unaweza kumzuia mwenzako. Basi unaweka sarafu nyuma ya mpira, unauokota, unaushika au unautia mfukoni. Mwenzako anapiga. Akishamaliza, unaurudisha mpira wako palepale penye sarafu. Ni adabu tu ya mchezo."

"Na mpira wa Kapteni tuliukuta mfukoni mwake."

"Ndivyo inavyotakiwa, maana—"

Upepo ulipita juu ya grini, ukaitikisa bendera, ukaendelea na safari yake.

"Endelea, Katibu. Alikuwa anampisha nani?"

"Huenda aliuokota aufute."

"Mpira una nyasi mpaka sasa. Hakuufuta."

"Kapteni alikuwa akicheza peke yake. Mlinzi wa geti atakuambia. Hakuna mwingine aliyeingia."

"Getini. Sawa." Inspekta aliirudisha sarafu mfukoni. "Tuseme kulikuwa na mwingine, na mpira wake ndio uliompata mzee kwenye panja. Ungefanya nini wewe?"

"Ningepiga ukelele! Mtu wa gofu hafikirii, unatoka wenyewe. Mimi juzijuzi sahani imeniponyoka jikoni, nikaupiga ukelele huo, mke wangu akalala chini." Alisema hayo kwa fahari, kisha akakumbuka ni maombolezo, akashusha sauti. "Nani asipige, wakati ni uhai wa mtu?"

"Yule ambaye akisikika, amejikamatisha. Nani haruhusiwi kuonekana kwenye uwanja huu?"

"Wote wasio wanachama."

"Wasio wanachama hawachezi na kapteni wa klabu. Nauliza mwanachama."

Katibu aliangalia viatu vyake. "Mambo ya nidhamu ni ya kamati, Inspekta. Ni siri ya ndani."

"Na kufungwa kwa Kinyozi ni kwa hadharani. Asante, umenisaidia sana."

Alimwacha pale, akateremka kwenye misonobari. Ardhi chini yake ilikuwa na majani makavu, ila penye upenyo mmoja, ambapo grini ilionekana kati ya mashina mawili, kulikuwa na kipande cha nyasi kilichong'olewa na fimbo, kisha kikarudishwa mahali pake na kukanyagwa kikae sawa. Kingo zake zilikuwa zimeanza kunyauka. Aliyekirudisha alikuwa na mkono wenye mazoea. Inspekta aliufuata wigo nyuma ya miti mpaka akaliona pengo, dogo, la mtu kupita kwa kujibana, matawi yamekatwa kwa mkasi wa bustani. Aligusa mikato. Aliyekata alikuwa amesimama upande wa klabu.

*

Baa ilikuwa imefunguliwa ili ifanyiwe usafi tu. Mhudumu alikuwa mtu mzima mwenye tumbo la kuheshimika, na alikuwa anafuta bilauri ambazo hazikuwa na mtu wa kuzitumia.

"Kapteni alikuwa anakaa wapi?"

"Hapo dirishani."

Ilikuwa meza ya watu wanne, viti vitatu vikiwa vimesukumwa ndani kabisa na cha nne kimelika ngozi. Ukutani juu yake kulikuwa na picha ya vijana wanne waliokumbatiana mabegani, suruali zimejaa upepo, wanacheka na mpigapicha.

"Huyu wa kwanza moyo ulimsimama," alisema mhudumu kwa kuonyesha na kitambaa. "Huyu ni ajali ya barabarani. Huyu ni Kapteni, Mungu amrehemu."

"Na wa nne? Amekufa naye?"

"Daktari wa Meno? Amefungiwa. Hapa kwetu ni karibu sawasawa."

"Alifanya nini?"

Mhudumu alitazama mlango, akaona hakuna Katibu. "Alisogeza mpira kwa mguu kwenye mashindano makubwa. Kidogo tu, hivi. Kapteni akamwona, Kapteni akamshtaki, Kapteni akasaini. Mwaka mzima asikanyage hapa. Rafiki yake wa ujana, Afande! Toka siku hiyo mzee anakaa meza ya wanne peke yake. Nilimwambia, mzee, nikusogezee ile ndogo ya kule? Akaniambia hii inamtosha."

"Daktari alipenda kunywa nini?"

"Chai. Lakini sukari yake, we acha! Kijiko kilikuwa kinasimama wima. Nilikuwa namtania, Daktari, meno ya mji mzima umeyalinda, yako umemwachia nani? Ananijibu, mganga hajigangi." Alicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Nyumba yake ni ile nyuma ya misonobari. Akifungua dirisha la jikoni, anaiona bendera ya shimo la saba. Mwaka huu wote anaiona. Sijui hiyo ni adhabu ya namna gani."

Inspekta alimshukuru, akamwomba asiondoke mpaka jioni.

*

Alipita kwenye pengo, miiba ikamshika mkono wa koti. Upande wa pili kulikuwa na ua mdogo uliofagiliwa, mlango wa jikoni ulio wazi, na mzee mwembamba aliyekaa kwenye kiti akiutazama wigo. Alikuwa amevaa suti kamili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kwa uani." Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu ambaye hajaongea tangu jana. "Basi umeshajua."

"Najua kidogo. Nimekuja kwa kilichobaki."

Alimkaribisha jikoni, akamimina chai bila kumuuliza, akatia sukari kwenye kikombe chake, akatia tena, akatia tena, akakoroga taratibu. Inspekta alikitazama kijiko. Kilikuwa kimezama vizuri, lakini kwa shida.

"Wiki ya pili baada ya kunifungia, alikuja hapo kwenye wigo na mkasi," alisema Daktari wa Meno. "Nilimsikia anakata. Nikatoka, nikasimama, nikamtazama. Akaniambia, 'Nimechoka kucheza na miti.' Sikumjibu. Nilikuwa na hasira bado. Akaendelea kukata, mtu mzima yule, anachomwa na miiba mpaka damu. Nikaingia ndani kuchukua fimbo zangu."

"Mkawa mnacheza alfajiri."

"Mashimo matatu tu, yale yasiyoonekana kutoka klabuni. Kwa ishara. Mkono juu maana yake piga. Chai alikuwa analeta yeye, ameshaitia sukari yangu, anaishika kifuniko kwa kitambaa kama dawa ya mgonjwa." Alitabasamu. "Aliniambia, 'Mimi ndiye niliyesaini. Ukisikika, tumeumbuka wote wawili.' Nikamwahidi sitatoa sauti. Mtu wa sheria yule, na sheria yake mwenyewe alikuwa anaivunja kila alfajiri kwa sababu yangu. Unafikiri nilikuwa na kitu kingine cha kumlipa? Nilikuwa na kunyamaza tu."

"Na juzi?"

Alishika kikombe kwa mikono yote miwili. "Mpira wangu ulikuwa chini ya miti. Yeye alikuwa ameshafika juu, mpira wake umekaa karibu kabisa na shimo. Akaweka sarafu, akauokota, akainua mkono. Nikapiga. Mikono ilijua kabla ya macho. Uliruka chini chini, kwa kasi, umenyooka kwake. Na yeye ameinamisha uso, anaitazama alama yake."

"Muda wa kupiga ukelele ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Mdomo niliufungua, binti. Sauti ilikuwa hapa." Aligusa koo. "Nikaimeza. Niliikumbuka ahadi, nikaimeza."

Kwenye dirisha, bendera ya shimo la saba ilionekana, nyekundu na ndogo.

"Ukamwendea."

"Nilikimbia. Nilimgeuza, nikamshika shingo. Mimi ni daktari, japo wa meno, na mfu namjua. Nikamfunika kofia. Nikauokota mpira wangu. Nilipokuwa naondoka, nikaiona sarafu."

"Ukaiacha."

"Nilijua nikiiokota mtasema alikuwa peke yake, ameanguka. Nilisimama pale nalijua hilo. Lakini alama ya mwenzako huigusi." Sauti ilipanda kidogo. "Mimi nilifungiwa kwa kusogeza mpira, tena wangu mwenyewe! Sarafu ya marehemu ningeigusaje?"

Inspekta hakuandika hilo mara moja. Alimwacha mzee anywe.

"Kwa nini hukuja kituoni?"

"Nilijua mtakuja. Nikavaa suti, nikakaa hapo nje. Jana nikakaa tena. Hakuna aliyekuja. Hata simu haijalia." Alitazama simu ya mezani kama anayeihakikisha. "Nikadhani mmeona ni bahati mbaya, mmemzika, yamekwisha. Nilikuwa nafikiri namna ya kuuliza mazishi ni lini."

"Hajazikwa. Na kuna mtu mahabusu."

Kikombe kilisimama njiani. "Mtu gani?"

"Kinyozi. Kesho asubuhi anasomewa shtaka la kuua. Wamesema ni nyundo, kwa kuwa hakuna aliyesikia ukelele."

Daktari wa Meno aliweka kikombe chini, kikagonga kisahani. "Kinyozi? Yule kijana? Mimi sikujua. Hakuna aliyeniambia." Akarudia, polepole, "Nani wa kuniambia?"

Alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Twende. Usinishike mkono, natembea mwenyewe." Mlangoni alisita. "Lakini jambo moja. Jamaa alikuwa kiziwi, wewe hukumjua. Ukimwita, hageuki. Hata ningepiga huo ukelele, asingeusikia. Si ndivyo?"

Aliuliza kwa upole, huku akimtazama machoni, na ilikuwa wazi kwamba siku mbili hizi alikuwa ameishi kwa jibu la swali hilo. Inspekta angeweza kuitikia kwa kichwa tu. Lakini kesho kungekuwa na mahakama, na vifaa vile viwili vilikuwa kwenye rafu, vimeandikwa.

"Alikuwa na vifaa masikioni, mzee. Vidogo, vya ndani. Binti yake alimnunulia."

Mzee alishika fremu ya mlango.

"Hakuniambia," alisema.

*

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipopita kwenye pengo. Inspekta alikuwa amempigia Katibu akasimame getini pamoja na mlinzi, na mhudumu wa baa akasimame nje kwenye veranda, karibu na banda la Kinyozi. Alimweleza Daktari wa Meno sababu kwa maneno machache. Kinyozi aliapa kwamba hakusikia kitu, mlinzi vilevile. Kama ukelele kutoka chini ya miti unafika kwao, basi kutousikia kwao kunathibitisha kwamba haukupigwa, na aliyenyamaza alikuwa na sababu ya kunyamaza. Neno lake peke yake, neno la mzee aliyewahi kufungiwa kwa udanganyifu, wakili yeyote angelichana.

"Nahitaji upige ukelele ule ule," alisema. "Kutoka pale pale."

"Sasa?"

"Nikiinua mkono."

Hakuhitaji kuonyeshwa mahali. Alikwenda moja kwa moja penye kile kipande cha nyasi, akasimama nyuma yake, miguu ameitanua kidogo kwa mazoea. Inspekta alipanda kwenye grini, akasimama mahali palipokuwa na sarafu. Kutoka pale mzee alionekana mdogo kati ya mashina, suti yake nyeusi karibu imemezwa na kivuli. Uwanja wote ulikuwa umenyamaza. Inspekta aliinua mkono.

Hakuna kilichotoka. Alimwona mzee anafungua mdomo, anaufunga. Aliushusha mkono, akangoja kidogo, akauinua tena.

Ukelele ulitoka mara moja, mkali, wenye nguvu ambazo kifua kile hakikuonekana kuwa nazo. Ulipanda mteremko, ukampita, ukaenda mpaka ng'ambo. Ndege waliruka kutoka kwenye misonobari. Na Inspekta, ambaye alikuwa ameuagiza mwenyewe na alikuwa anausubiri, alijikuta ameinama, mikono miwili imefunika kichwa.

Aliponyooka, simu ilikuwa inatetemeka mfukoni.

"Tumesikia," alisema Katibu kutoka getini, anahema. "Mpaka huku. Inspekta, sauti ile... ni nani yule?"

"Unaijua," alisema Inspekta. Mbali, penye kona ambapo njia inakunja, mhudumu wa baa alikuwa ameiacha veranda yake, ameteremka mpaka kwenye nyasi na kusimama, kitambaa mkononi.

Inspekta alipiga kituoni, akazungumza na Mkuu kwa sauti ya chini na kwa muda mrefu kuliko alivyotaka. Mkuu aliuliza mara mbili kama ana hakika. Mwishowe akasema karatasi za kumwachia Kinyozi zitatayarishwa jioni hiyohiyo, na Inspekta akamwomba amwambie kwanza mke, yuko kwenye benchi.

Daktari wa Meno alikuwa bado penye miti.

"Ungesikika, sivyo?" aliuliza. Hakupaza sauti, lakini kwa ukimya ule kila neno lilifika. "Angeinama."

"Angeinama, mzee."

Mzee aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa jino bovu kwenye picha na kukubali kwamba lipo. Kisha akaanza kupanda kuja kwake, taratibu, mikono nyuma. Gari la polisi lilikuwa klabuni, upande wa pili wa shimo, na njia fupi ilikuwa kukata katikati ya grini. Hakuikata. Alipofika ukingoni alizunguka mbali, kwa kuhesabu hatua zake kwenye nyasi fupi, ili asikanyage njia ambayo mpira wa mwenzake ulikuwa uipite kutoka penye sarafu mpaka shimoni.